Mama Wageni na Alhamisi Zake

Baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi, Mama Wageni anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Cheo chake kwenye faili ni karani wa Idara ya Biashara ya Michezo. Karani! Haya, tuendelee.

Aliajiriwa kupiga chapa ratiba. Mwaka wake wa tatu, mwalimu wa somo la wageni alihama ghafla. Ni somo ambalo kila Alhamisi mtu wa kazini huja kuwaeleza wanafunzi biashara ya michezo inavyoendeshwa. Namba za simu za wageni zilikuwa kwenye daftari la karani, basi akawa anawaita yeye. Akawasikiliza wakijisifu hadi akachoka, akaweka sharti: hakuna kusimulia ushindi kabla ya kusimulia kosa. Wakubwa walinuna, lakini walisimulia. Meneja mmoja wa udhamini alifika na slaidi themanini. Mama alichomoa waya wa projekta, akamvutia kiti, akamwomba aeleze siku aliyopoteza mkataba. Jamani, yule bwana alilowa jasho akieleza.

Mara moja alikosea namba. Alimtaka mwenyekiti wa klabu, akaja mtunza jezi, mkoba begani. Sisi wahadhiri tulitahayari, yeye akampa chaki. Mzee yule alieleza kwamba kila siku ya mechi husimama langoni akihesabu namba zilizo migongoni mwa mashabiki, ndiyo maana alijua jezi ya nani inauzika kabla ofisi ya masoko haijajua. Wanafunzi wa mwaka ule mpaka leo wanahesabu migongo.

Mgeni akishaondoka, ndipo kazi ilipoanza. Mama alibaki na darasa saa nzima wakichambua: lipi la kweli, lipi la kujipamba, lipi amelikwepa kabisa. Hapo ndipo watoto walipojifunza. Mimi wakati huo nilikuwa ofisini nakunywa chai.

Nalitaja hilo kwa sababu kwenye kumbukumbu za chuo somo lile lina jina langu. Karani haruhusiwi kufundisha, walisema, kwa hiyo liwekwe jina la mhadhiri yeyote kwa muda. Muda huo umefika miaka ishirini na nne. Nilitia sahihi alama alizosahihisha yeye. Nikapandishwa cheo kwa somo hilo, nikapigiwa makofi, nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na mwenyeji aliyepona ni mimi.

Mwezi uliopita chuo kingine kilimwita akafundishe somo hilohilo, kikataka barua inayoonyesha kwamba amewahi kulifundisha. Alipoiomba, idara yetu ikamjibu kwa barua ya mistari miwili kwamba kumbukumbu hazionyeshi hivyo. Hakulia wala hakugomba. Aliingia ofisini kwangu, akaiweka ile barua mezani, akaniuliza kama nimeiona, kisha akarudi kumpigia simu mgeni wa Alhamisi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nimeombwa niandike wasifu wa kuchangamsha. Umenishinda. Nina uchungu, na kuliko uchungu nina aibu. Leo, kwenye hafla ya kumuaga, atakabidhiwa saa ya ukutani na keki yenye jina la idara, naye atashukuru vizuri tu, maana adabu ametuzidi sote.

Mama, asante kwa wanafunzi wetu, ambao kwa haki ni wako. Uende na afya tele, na upumzike siku utakayotaka mwenyewe, si siku tuliyokupangia sisi. Ukurasa huu umechapishwa nakala mia tatu, na zote zimeshagawiwa. Chukua nakala yako uwapelekee wale waliotaka barua. Mimi, mhadhiri wa somo la wageni kwa miaka ishirini na nne, nathibitisha kwamba sijalifundisha hata siku moja.