Nani Amtoe Verlin Kwenye Gari

Ukitoka gereji zetu za Speedway, uwanja wa mbio za magari, ukavuka barabara, unakuta duka la donati la Bi Maxine, na nje ya duka kuna benchi. Mei ikiingia benchi hilo huwa letu, sisi wa timu ya Verlin Haskett. Mimi natia mafuta, na wananiita Shemeji kwa sababu Verlin kamuoa dada yangu Darlene. Mwenzetu Saa anapima muda na kumwinulia dereva ubao wenye tarakimu za muda wake akipita. Pancha ni wa tairi. Njugu ni fundi wa injini, na jina alilipata kwa sababu karanga ni mkosi kwenye gereji za mbio, na yeye akiona ganda moja tu halali. Jumapili hiyo mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, uwanja unakaushwa. Jana yake Verlin aliingia mara tatu kutafuta nafasi ya kushiriki mbio, na kila akirudia mwendo unapungua, mara ya tatu akaukwaruza ukuta. Leo ndiyo siku ya mwisho. Tukikosa, wadhamini wetu, wale wa chakula cha kuku, wanajitoa na timu inafungwa. Verlin, ambaye ndiye dereva na ndiye mwenye timu, katufukuza gereji: "Nendeni mkanywe kahawa. Mkirudi mniambie gari lina nini."

Haya, tukakaa. Hata kahawa haijapoa, watu wameshaanza.

— Tairi hizo, alisema Saa.

— Tairi zangu zimekukosea nini? Pancha akafoka. Wote tunapewa tairi zile zile. Sema upepo.

— Upepo unatuvumia sisi tu?

— Sisi zaidi. Gereji yetu iko pembeni.

— Pancha, bwana, gari linakimbia uwanjani, halikimbii gereji!

— Na wewe ubao wako? Siku hizi unaandika tarakimu kubwa utadhani tangazo la mkutano wa injili. Labda ndizo zinamchanganya.

— Nina rangi nyingi, alisema Saa, akainamia kikombe chake.

Njugu alikuwa anasubiri zamu yake. Akapangusa sukari ya donati kwenye masharubu.

— Nyie watoto. Mdhamini katupaka rangi gani mwaka huu?

— Kijani.

— Kijani! Tangu lini gari la kijani likapata heri mji huu? Halafu nasikia kuna mtu alikula karanga kwenye lori letu.

— Nani?

— Simtaji. Anajijua.

Pancha akajifanya anafunga kamba za viatu.

— Lakini kubwa kuliko yote, Njugu akaendelea, akashusha sauti, ni kwamba uwanja wameurefusha.

— Wameufanyaje?

— Wameurefusha! Kipindi cha theluji, watu wamelala. Kidogo tu, kona ya tatu. Ndiyo maana muda wetu umekuwa mrefu.

— Na wale wengine mbona wanakimbia vilevile?

— Wameambiwa mapema hao, wana hela.

Tulicheka mpaka Bi Maxine akachungulia dirishani. Wakati huo huo akapita yule binti wa Ohio, Corrine Ebbers, helmeti mkononi. Kila Mei wako madereva wa namna hiyo, wanazunguka gereji hadi gereji wakiomba kiti, yaani gari la kuendesha.

— Huyo kaja kwetu leo asubuhi, alisema Pancha. Kaomba kwa adabu kweli. Verlin kamwambia kiti kina mwenyewe.

— Si kina mwenyewe? Tangu siku ya kwanza, alisema Saa.

Siku ya kwanza hiyo wote tunaijua. Verlin alikuwa dereva wa tajiri mmoja, kijana, mwepesi, wanamwimba. Asubuhi moja ya mbio akafika uwanjani na begi lake, muuza sandwichi pale getini akamwambia, pole kaka, nimesikia wamekutoa. Akadhani anataniwa. Kufika kwenye gari, kuna mtu mwingine ndani, mikanda keshafunga. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu, hata fundi wake. Jioni akaja nyumbani kwa baba yangu, kwenye banda la bata mzinga, akalia mbele yetu mtu mzima yule. Akasema, sitatolewa tena kwenye gari na mtu yeyote. Timu yetu ilianzia banda hilo hilo, gari la kwanza tulilipaka rangi ya trekta. Miaka ishirini na miwili sasa. Tumeshinda mara moja tu, kule Wisconsin, mvua ilipowachanganya wakubwa wakachagua tairi mbovu. Lakini hakuna aliyemtoa.

— Samahani wazee, naomba nikae. Mbwa wangu kachoka.

Alikuwa mama mmoja wa makamo, Imogene Faulk, kahamia mtaa wa nyuma kutoka Iowa mwezi uliopita. Pancha akasogea, benchi likalia. Njugu, akiona sikio jipya, akamsimulia yote: tairi, upepo, kijani, karanga, mpaka kona ya tatu iliyorefushwa. Mama wa watu alisikiliza kwa heshima.

— Mimi magari siyajui, alisema. Nimefundisha piano maisha yangu yote. Piano ikilia vibaya, namwinua mwanafunzi nakaa mwenyewe, ndipo najua kosa ni la piano au la mtoto. Sasa hilo gari lenu, mtu mwingine akiliendesha, linakwendaje?

Njugu aliweka kikombe chini.

Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuliendesha. Kiti chenyewe kimefinyangwa kufuata mgongo wa Verlin.

— Mwezi wa tatu, Saa akasema polepole, Verlin alinipita mara mbili hajauona ubao. Nikakuza tarakimu. Nikaona si kitu.

— Mimi nilibandika utepe wa njano pale pa kusimamishia gari, alisema Pancha. Alikuwa anapapita.

Mimi nikakumbuka kwamba siku hizi jua likizama Darlene ndiye anayeshika usukani wa pikapu yao. Nilidhani mapenzi, kumbe macho.

— Basi amwambie Shemeji, alisema Njugu. Ndugu yake.

— Ndiyo maana siwezi! Kwani timu nyingine anayemtoa dereva ni nani?

— Mwenye timu.

— Na kwetu mwenye timu ni nani?

Jibu lilikuwa linavuka barabara, Verlin mwenyewe. Gari moja likampigia honi, akaruka kando kachelewa.

— Mbona mnakawia? Uwanja unafunguliwa. Gari lina nini?

Njugu, aliyebwabwaja muda wote huo, anaangalia mbwa. Nikasimama.

— Shemeji, gari halina kitu.

Verlin akamgeukia Saa.

— Nilijua unazikuza zile tarakimu. Juzi ulikuwa umefika mwisho wa ubao.

— Nisamehe, bosi.

— Wewe ulitaka nione. Nisamehe mimi.

Akavua kofia, akaivaa tena.

— Haya. Nadhani mwenye timu inabidi aongee na dereva wake.

Akaenda kwenye pikapu yake iliyoegeshwa pale mbele, akaingia, akafunga mlango na vioo. Tuliona midomo inasogea. Mara moja akaupiga usukani kwa kiganja. Mara nyingine akainamisha kichwa, mabega yakawa yanatikisika, na Bi Imogene akatazama pembeni. Kahawa ilikuwa imekwisha na hakuna aliyekwenda kuongeza.

Aliposhuka macho yalikuwa mekundu.

— Nimeongea naye, alisema.

— Kasemaje? Pancha akauliza, sauti ndogo kuliko mwili.

— Hakufurahi. Amesema maneno mabaya sana juu yangu. Lakini kakubali. Anasema angalau safari hii kaambiwa na mwenye timu, hakusikia kwa muuza sandwichi.

Akavuta pumzi.

— Njugu, kimbia ukamtafute yule binti kabla hajaondoka. Nyie twendeni tukakifungue kiti changu, tumwekee chake.

Akanipa funguo za pikapu, niendeshe mimi.