Mbavu za Bawa la Kushoto

AMNA: Haloo? Nani mwenzangu? Sema kwa nguvu, mvua inapiga bati hapa.

ZAKIA: Mimi Zakia, shangazi. Shikamoo.

AMNA: Marahaba, mwanangu. Umeshafika Mbeya?

ZAKIA: Nipo Mwanjelwa, dukani kabisa. Rangi ya ndege yangu imepatikana! Ile ya kupaka kwanza, ili unyevu wa Tukuyu usile alumini. Chumba changu hakijavuja?

AMNA: Hakijavuja. Na nimekufanyia kazi humo, ukirudi utafurahi.

ZAKIA: Kazi gani tena?

AMNA: Vile vibati vyako vilivyotoka kwenye sanduku. Vilifubaa, vina alama za vidole, aibu tupu. Nimevisugua vinang'aa, unajiona mpaka jino la nyuma!

ZAKIA: Umesugua na nini?

AMNA: Na majivu. Palipogoma, stilwaya.

ZAKIA: Ya Allah! Shangazi!

AMNA: Nini? Babu yako alitufundisha hivyo. Nyumba hii yote imekula kwa kufua sufuria kwa nyundo, wewe ndiye uje unifundishe kusugua—

ZAKIA: Siyo sufuria! Ni bawa la ndege ninayoiunda, shangazi! Ile alumini ina ngozi yake ya juu, nyembamba kama ganda la kitunguu. Ngozi hiyo ndiyo inayoikinga. Ukipitisha stilwaya umeichuna. Na majivu yakibaki na maji yanaila, inatoa unga mweupe, inaoza huku unaitazama!

AMNA: [mkwaruzo wa mtandao] ...hukuniambia.

ZAKIA: Nilikuambia usiguse!

AMNA: Ulisema nisiguse kwa mikono yenye jasho. Nikanawa.

ZAKIA: [anacheka bila kutaka] Dah. Haya. Umesugua vipi na vipi?

AMNA: Vile vyembamba vyenye matundu katikati.

ZAKIA: Mbavu. Za kushoto au kulia?

AMNA: Za rafu ya mlangoni.

ZAKIA: Kushoto. Na yale mabati makubwa?

AMNA: Nilikuwa ndiyo nayaendea, simu ikalia.

ZAKIA: Alhamdulillah! Usiyaguse. Hizo mbavu zisuuze sasa hivi, maji safi, mengi. Zifute na kanga kavu, kila kona. Usizilaze kwenye simenti, simenti inavuta maji. Wala usizirundike. Zisimamishe kwa ubavu kama sahani kabatini, katikati weka—

AMNA: Kitambaa, zisikwaruzane. Hilo nimekuona ukifanya. Lakini zile nailoni za bluu mbona ulizibandua? Si ndizo zilikuwa nguo zake?

ZAKIA: Huko Tukuyu mvua haikatiki. Maji yanajipenyeza chini ya nailoni, yanakaa humo yanakula kimyakimya. Bora mabati yakae uchi, yaonekane. Shangazi, umeniua leo, haki ya Mungu. Miezi yote hii hukugusa. Leo kimekupata nini?

AMNA: Kuna wageni.

ZAKIA: Wageni gani chumbani kwangu?

AMNA: Mtandao unakata, mama—

ZAKIA: Haukati, nakusikia vizuri. Nani anakuja?

AMNA: Kaka yako.

ZAKIA: Hasheem? Huwa anaishia sebuleni. Na nani?

AMNA: Nilikatazwa kukwambia.

ZAKIA: Shangazi.

AMNA: Anakuja na mtu wa chuma chakavu. Wana gari la kupakilia, kirikuu. Anasema chumba kile anataka afungue duka la vipodozi, na ndege yako ni... sirudii alivyosema.

ZAKIA: Sema.

AMNA: Ni wazimu wa mwalimu aliyekosa mume.

ZAKIA: Kwa hiyo wewe ukawa unamng'arishia ili auze vizuri.

AMNA: Hee! Zakia! Usinitukane! Nilisugua ili aone! Kila nikileta chai humo ndani nakuta unapima, unapiga tochi, unapanga kibati kimoja kama unalaza mtoto. Nikasema vikiwaka, Hasheem akifungua mlango ataona haya kuviita chakavu. Mimi sijui kusema mbele ya yule kijana. Najua kusugua. Nikasugua.

ZAKIA: Nisamehe, shangazi.

AMNA: Na mimi unisamehe. Zimeharibika kabisa?

ZAKIA: Sijui. Michubuko midogo nitailainisha nipake rangi. Zikikataa nitazikunja upya mwenyewe, ramani zake ninazo. Acha achukue zote! Nitaanza na msumari wa kwanza. Nimefundisha watoto wa watu jinsi bawa linavyobeba uzito mpaka sauti imekauka, sasa mmoja wao ataliona likibeba. Mwambie Hasheem hivyo.

AMNA: Huanzi upya. Hachukui kitu.

ZAKIA: Utamzuiaje? Yeye ndiye anayekuletea unga na sukari.

AMNA: Subiri. Gari limesimama nje.

ZAKIA: Funga mlango kwa ndani! Shangazi? Usizikalie mbavu!

AMNA: Nimesimama mlangoni, nizikalie vipi? [mbali na simu] Simama hapohapo, Hasheem. Waalaikum salaam. Mwambie mwenzako azime gari, hapa hakuna anachopakia... Chakavu ni nani? ...Sukari? Ichukue, ipo jikoni, na unga wako upo pembeni yake, beba vyote! Hati ya nyumba hii ina jina langu.

ZAKIA: Shangazi, vocha inaniishia—

AMNA: [bado mbali] Usinipandishie sauti. Nilifua sufuria vizuri kuliko baba yako, mjini hapa kila mtu alijua. Babu yako akampa yeye karakana, mimi nikaambiwa nikapike. Nikanyamaza. Umesikia? Miaka yote hii nimenyamaza. Basi leo imetosha! Kwa mtoto huyu hupiti!

ZAKIA: [analia] Shangazi, hukuwahi kuniambia.

AMNA: [karibu na simu] Nini? Sikusikii, huyu anapiga kelele. Wewe nunua hiyo rangi.

ZAKIA: Nanunua.

AMNA: Na brashi mbili.

ZAKIA: Mbili? Mimi napaka peke—

AMNA: Mbili, nimesema! Bawa la kushoto ni la—

[Simu inakatika.]