Historia ya Marehemu Ejvind Nørskov, Mtengeneza Spika wa Lemvig

Familia ya marehemu, kupitia kwa shemeji yake Asger Toft, ambaye ameombwa kusoma kwa sababu ana sauti kubwa na si kwa sababu nyingine, inawashukuru nyote mliofika katika ukumbi huu wa kanisa, na inaomba utulivu wenu kwa muda mfupi, kahawa itakuja.

Marehemu Ejvind alizaliwa tarehe 3 Februari 1946 nje kidogo ya Lemvig, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Kresten, seremala wa milango na majeneza, na Bi Maren, aliyepiga kinanda kanisani. Alisoma shule ya kijiji kuanzia mwaka 1953 hadi 1960, ambako walimu walimkumbuka zaidi kwa kuifumua redio ya shule na kuirudisha ikiwa nzima kuliko alivyoikuta, kisha akajifunza ufundi wa redio mjini Holstebro na kuhitimu mwaka 1965.

Tarehe 12 Juni 1971 alifunga ndoa na Vibeke, dada yake Asger, na mwaka 1974 wakajaliwa mtoto wao wa pekee, Ragnhild. Mwaka 1978 aliacha mshahara wa uhakika kiwandani na kufungua karakana katika banda la nguruwe la baba mkwe wake, nguruwe wakiwa wameondoka ila harufu ikiwa bado ipo, akitengeneza spika zenye amplifaya ndani kwa ndani, kila koni, ule mdomo wa spika unaotoa sauti, na amplifaya yake, jambo lililowaudhi wenye maduka, kwani aliyenunua spika hizo hakuwa na sababu ya kurudi kununua amplifaya.

Karakana ilikuwa na desturi zake. Kila spika mpya ilisikilizwa ikiwa nyuma ya pazia jeusi, msikilizaji asijue ni ipi inayolia wala bei yake, maana Ejvind alizoea kusema, "Bei haina sauti, lakini ukiiona kwanza utaanza kuisikia." Marekebisho ya mwisho yalikuwa ya mtu mmoja tu, aliyekaa kwenye kiti cha kuegemea, na mtu huyo alikuwa yeye. Kadiri miaka ilivyokwenda aliacha kupimwa na pazia lake mwenyewe, akidai kwamba mpishi haulizwi habari za chumvi.

Ragnhild alijiunga na karakana mwaka 1999, na kuanzia 2006 alianza kusikia sauti nyembamba zikizidi ukali katika kila jozi mpya, matoazi yakichoma, pumzi ya mwimbaji ikikata kama wembe. Alijua sababu, kwani sikio linapozeeka huanza kupoteza sauti za juu, na fundi asiyezisikia huziongeza. Alinyamaza miaka minne. Tatizo lilikuwa bei, maana magazeti yalisifu uwazi wa sauti, duka moja la Copenhagen likapandisha jozi kutoka krona elfu tisini hadi laki mbili na arobaini elfu, na wanunuzi wakaitikia kwa vichwa, wameridhika, kwani mwenye pesa za namna hiyo aghalabu naye ni mzee.

Aliposema hatimaye, mwaka 2010, baba yake alimjibu, "Mwanangu, watu watoe laki mbili na arobaini kununua kelele?"

"Wanatoa, baba. Wote ni wa rika lako."

Vuli nzima hawakusemeshana, ingawa meza zao za kazi zilipakana, na salamu zilipitia kwa Vibeke hadi akachoka.

Tarehe 14 Januari 2011 Vibeke alilitundika pazia mwenyewe, akamwambia mumewe, "Kaa hapo, na wewe leo ni mteja." Zikapigwa jozi mbili, moja aliyoirekebisha Ejvind na nyingine Ragnhild, na Ejvind akachagua ya kwake bila kusita, mafundi wote wa karakana wakachagua nyingine, baadhi wakiomba radhi. Kisha Ragnhild akapiga kwenye spika sauti moja nyembamba peke yake, mafundi wakaziba masikio, na Ejvind, aliyekuwa ametulia kitini, akasema, "Haya, anzisheni basi." Ragnhild alilia mbele za watu.

Kesho yake asubuhi Ejvind alikisukuma kile kiti hadi kwenye meza ya binti yake. Miaka miwili walizunguka pamoja nyumba kwa nyumba wakirekebisha spika zilizokwishauzwa, na wateja kadhaa waliwafukuza wakisema zinalia vizuri sana. Bei iliteremshwa hadi laki moja na kumi elfu, duka la Copenhagen likaziondoa, likisema kwa bei hiyo hakuna atakayeziheshimu, na karakana ya watu kumi na mmoja ikabaki na wanne, ambao wapo nasi leo.

Mwaka 2022 marehemu alianza kusumbuliwa na moyo, na tarehe 9 Machi 2024 alifariki dunia katika hospitali ya mkoa. Siku mbili kabla, alimwuliza Ragnhild, "Ile miaka uliyonyamaza, ulikuwa unaniogopa?"

"Hapana, baba. Nilikuwa nakuonea huruma."

"Afadhali ungeniogopa," akasema, akageukia ukutani, na ilichukua muda kabla hajautafuta mkono wa binti yake na kuushika. Familia ilitaka kuyaacha maneno haya, ni Ragnhild aliyesisitiza yasomwe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi kwa uvumilivu wao kwa mgonjwa aliyewakosoa kuhusu mlio wa mashine zao, majirani kwa supu na kuni, na mafundi wa karakana, waliochagua kwa haki.

Ejvind, pumzika kwa amani, hakuna tena wa kukuonea huruma.