Kamba Niliyoikata

Nikalisheni, wanangu, niegemezeni ukutani, maana maneno ya leo hayasemwi na mtu aliyelala. Isaya, zima hiyo redio. Ikupa, wewe mwalimu, chukua daftari uandike kama ninavyosema, na palipopinda usipanyooshe. Na wewe, ndugu yangu Lazaro wa Ikombe, ndaga, asante kwa kuja. Najua umepiga kafi tangu alfajiri bila kujua nimekuitia nini, na ungekuwa na haki ya kukataa. Kaa hapo mlangoni penye hewa, unisikilize mpaka mwisho, halafu ufanye utakavyo.

Ya mali nayamaliza haraka, kwa kuwa siyo yaliyonikosesha usingizi. Shamba la mpunga la Ipyana ni la Isaya. Kakao ya Ngana ni ya Ikupa pamoja na nyumba hii, na asije mjomba wala baba mdogo akasema mwanamke harithi, kwa sababu aliyenisafisha vidonda miezi hii yote ni yeye, hao wengine walikuwa wakituma salamu. Sasa imebaki boti, na imebaki ile bunduki iliyo kabatini, ambayo Isaya amekuja kuniomba.

Isaya, sikukatalii kwa dharau. Juzi walivamia boti ya wenzenu kule Lupingu, wakafyatua risasi, wakabeba mali na injini. Mmekaa kikao pale Lyulilo mkakubaliana kila boti ya biashara iwe na silaha, na ukanijia ukasema, "Tata, mwizi anaheshimu mtutu." Umesema kwa akili. Maneno hayo hayo, mwanangu, niliyasema mimi kwenye kikao kama hicho mwaka tisini na tatu, nikayasema vizuri kuliko wewe, nikapigiwa makofi.

Mnakumbuka ruksa ilipoingia. Kabla yake sukari ilikuwa ya foleni na sabuni ya kuandikishana majina, halafu ghafla mtu akawa huru kununua na kuuza, nasi wenye ndugu ng'ambo ya Malawi tukaona mlango umefunguliwa. Tukapeleka mchele Karonga, tukarudi na sukari na vitenge, na huku mwambao wa milima tukashuka mpaka Lupingu kufuata mahindi na dagaa. Boti yetu, kama boti zote za injini za siku hizo, ilikokota kamba ndefu nyuma. Kamba ile haikuwa ya boti. Ilikuwa ya wenye mitumbwi. Ukipita Ikombe Jumamosi asubuhi, wanawake wa Kikisi wamejaza vyungu wanakwenda sokoni Lyulilo, upepo wa mwera umewachosha, wanakuja kwa nyuma, mmoja anasimama na kuinua kafi juu ili nahodha amwone, anadaka kamba, anafunga, mnakwenda nao. Hakuna aliyelipa. Baba yangu hakuwahi kuwa na injini, lakini alivutwa na za wamisionari kwa kamba kama hiyo, na mimi nikiwa mgongoni mwa mama.

Na majambazi wakaijua kamba. Siku moja mtumbwi ulikuja kwa nyuma, kafi juu, vyungu vitatu vimewekwa mbele vionekane, wakadaka, wakajivuta, wakaparamia boti wakiwa na mapanga. Walichukua kila kitu. Anyisile, fundi wetu wa injini, walimsukuma majini, na alipong'ang'ania ukingo wa boti wakamkata vidole vitatu. Nilivikuta vidole vya mtu kwenye boti yangu, wanangu. Kwa hiyo msinione kama mzee mpole aliyezaliwa hapendi bunduki. Niliitaka kwa moyo wangu wote.

Kwenye kile kikao ni Lazaro huyu peke yake aliyenipinga. Alisimama akasema kamba ikikatwa na bunduki ikiingia, ziwa litakuwa la wageni watupu. Akasema boti ziende mbili mbili au tatu tatu, na kila mtumbwi uitwe na ujibu kwa jina lake kabla haujapewa kamba. Nilimcheka mbele za watu. Nikamwambia, "Wewe huna cha kuibiwa ndiyo maana una busara." Ulimi hauna mfupa. Watu wakacheka pamoja nami, na Lazaro akaketi.

Nikaomba kibali cha bunduki ya marisau, nikaandika kwamba ni ya kufukuzia viboko kwenye mpunga wa Ipyana. Uongo wa kwanza huo, Ikupa, uandike. Tena mjue jinsi bunduki hiyo ilivyonisaidia. Karonga huwezi kutia nanga na silaha mkononi, kwa hiyo kila tukikaribia ng'ambo tuliishona ndani ya gunia la mchele. Majambazi si wajinga, wakatungojea huko huko. Walipotuvamia tulikuwa na magunia sitini, na aliyeshona alisahau kuweka alama. Tulipasua magunia kama wehu, na tulipoipata bunduki wenyewe walishakwenda zao, mchele umejaa botini mpaka kwenye magoti. Ningekuwa na akili ningecheka nikaitupa siku ile ile. Badala yake niliona haya, na haya ya mwanamume mwenye kiburi ni kitu kibaya sana. Nikaapa safari nyingine sitasubiri kuona uso wa mtu. Baada ya hapo wenye mapanga nao wakatafuta bunduki, kwa kuwa tuliwafundisha sisi.

Kamba nikaikata kwa mkono wangu, nikaitupia stoo. Na kosa langu, wanangu, kabla ya yote, ni hili: sikupeleka neno Ikombe. Niliwaambia wenye boti, niliwaambia polisi, niliwaambia mpaka wauza soda wa Matema. Wanawake wa vyungu sikuwaambia, wala Lazaro hakujua kwamba nimeshaikata. Sikuwakumbuka.

Nipeni nafasi nipumue.

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza baada ya kuikata, tukitoka Lupingu, asubuhi, ukungu umekaa juu ya maji. Mimi nimeshika usukani, Hezroni kaka yenu amekaa nyuma na bunduki mapajani. Alikuwa na miaka ishirini na minne, ameposa, mchumba yupo. Tukasikia makafi nyuma yetu, yanapigwa kwa haraka. Mtumbwi ukatokea kwenye ukungu, ukatukaribia, ukazidi kukaribia, karibu kuliko inavyopaswa, na sasa najua sababu. Walikuwa wanaitafuta kamba. Waliona labda imefupishwa, wakaifuata mpaka mgongoni mwetu. Mtu mmoja akasimama, akainua kitu kirefu juu.

Mpaka leo mnachokijua ninyi, na anachokijua Lazaro, na kilichoandikwa polisi, ni kwamba Hezroni aliingiwa na woga akafyatua bila kuambiwa. Nilikisema mimi hicho. Nilikisema pale ufukweni kabla maiti haijafunikwa, nikakirudia kituoni, nikakirudia kanisani. Sasa sikilizeni ilivyokuwa. Hezroni aligeuka akaniambia, "Tata, nadhani ni wa vyungu." Nikamwambia, "Piga." Hakupiga. Akasema, "Tata, ngoja niite." Nikamwambia, "Piga, au nipe mimi mwenye moyo."

Akapiga.

Kilichofuata ni mlio wa vyungu kupasuka, na baadaye kidogo sauti ya mwanamke ikitaja jina langu. Alinijua. Alikuwa ameshika kamba yangu miaka saba. Angetile, dada yako, Lazaro. Tulimpandisha botini, akafa kabla hatujafika Lyulilo, kichwa chake kikiwa kwenye mapaja ya Hezroni, siyo yangu, kwa sababu mimi niliendelea kushika usukani nikitunga la kusema.

Mtaniuliza kwa nini mwanangu alinyamaza. Ni kwa sababu nilimlea hivyo. Kwetu mtoto hamkanushi baba mbele za watu. Alikaa mahabusu miezi minne, mimi nikimpelekea chakula na kumtazama akila, na hakuniuliza hata siku moja. Waliandika kuwa ni ajali, wakamwachia, na bunduki wakanirudishia. Alipotoka, mchumba alishaolewa, na watoto sokoni walikuwa wakimwita jina la kile alichofanya. Akavuka kwenda Karonga kwa wajomba zake. Mama yenu Keziya alipougua alimlilia sana, akanishika mkono akaniuliza, "Huyu mtoto alifanya nini hasa?" Nikamwambia asijisumbue, apumzike. Akapumzika. Hezroni hakuja kumzika mama yake, na ninyi mkasema ana moyo mgumu, nami nikaacha mseme. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mimi sikuinama hata kujaribu.

Isaya, usilie, sikia. Ninachokufundisha si kwamba majambazi hawapo. Wapo, na mtu ana haki ya kurudi nyumbani na vidole vyake. Nakwambia bunduki ikiwa botini, ndiyo inayokufikiria badala yako. Mtu mwenye kamba nyuma analazimika kujua nani ni nani. Mwenye bunduki halazimiki. Mchele hulimwa tena kila mwaka. Nendeni tatu tatu kama alivyosema Lazaro, iteni kwa majina, na kama watawazidi, wapeni mali mrudi hai. Mtaitwa waoga. Mimi niliitwa jasiri, na mnaona nilivyo.

Basi haya ndiyo maagizo. Bunduki ipelekwe kituo cha polisi Kyela na kibali chake. Msiitupe ziwani, ziwa lilishapewa ya kutosha. Boti ni ya Hezroni. Isaya, utavuka wewe mwenyewe kumfuata, usitume mtu, na ukifika umpigie magoti kwa niaba yangu, ingawa wewe ni mdogo wake na ungeyapiga hata hivyo. Umwambie baba amesema. Ikupa, hayo uliyoandika yasomwe Jumamosi pale Lyulilo, soko likiwa limejaa, siyo kwa kunong'onezana. Nilimchafua mbele za watu, asafishwe mbele za watu. Kama nitakuwa nimeshazikwa, heri. Kama bado nipo, nibebeni niwepo.

Na kwako, Lazaro. Baada ya matanga ulikuja hapa na chungu kimoja, kile pekee kilichotoka mzima kwenye mtumbwi wa Angetile. Ulisema mtoto aliyetishika hawezi kulipiziwa kisasi, ukakiweka pale pembeni, ukasema tunywe maji humo, yaishe. Tumekunywa miaka sita. Kila kata niliyochota humo nilijua ninakunywa amani uliyompa mtu mwingine. Sikuombi msamaha, nimechelewa mno, na mtu anayeomba msamaha akiwa anakufa anamfunga mwenzake mikono. Nimekuita ujue tu.

Umesimama.

Isaya, usimzuie. Mwache apite. Anakwenda pale pembeni... Ndiyo, Lazaro. Ni chako. Mwaga maji kwanza, ni kizito. Uliniletea kwa ajili ya mtoto aliyetishika, na mtoto huyo hakuwapo. Kichukue. Isaya, nimesema toa mkono wako begani mwake. Fungueni mlango wote, kisigonge.

Ameondoka? Haya. Nilijua pengine itakuwa hivyo. Msimchukie, nawakataza, na mtakapopita Ikombe mumsalimie kama mnavyomsalimia mkubwa wenu.

Sogeeni, sauti inanipungukia. Ile kamba... haiko stoo. Iko chini ya kitanda hiki, niliirudisha mwaka jana, nikaiunga mwenyewe nilipoikata. Hezroni akija, aifunge nyuma ya boti. Wakimwuliza anamvuta nani, aseme yeyote atakayeitikia jina lake.

Kyala abasaye, Mungu awabariki, wanangu. Awape ulimi usiotangulia moyo. Awape... mwajua wenyewe mnachohitaji, mwombeni.

Ikupa, umeliandika lile neno nililomwambia kaka yako? Liandike peke yake kwenye mstari, lisomeke.

Nina kiu. Hapana, usitazame pale, chungu hakipo. Nipe kwa kikombe.