Diwani wa Nusu Kichwa

Basi lilikuwa na viti vitupu tele, lakini msusi alikwenda kukaa ubavuni mwa mzee aliyenuna, akapakata mfuko wake wa vitana.

"Shikamoo, baba. Umesikia? Wagombea wetu wa mabadiliko wamezoa viti karibu vyote vya baraza la mji."

"Marahaba," mzee aliliambia dirisha. "Huyo diwani wenu mpya wa kata yetu nilimwona jana akicheza barabarani, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimetimka."

"Nilikuwa namsuka mimi. Matokeo yalipotangazwa akanichomoka mikononi. Ndiyo naenda kummalizia kabla hajaapishwa."

"Na kwa kichwa hicho ndiyo atuletee maji?"

"Baba, nusu hiyo ndiyo iliyomwangusha diwani wenu wa zamani mwenye kichwa kizima."

Sisi wa kiti cha nyuma tulipatwa na kikohozi cha ghafla. Msusi akaanza kuimba chinichini mpaka basi liliposimama mbele ya ukumbi wa baraza. Alipokwisha kushuka, mzee alitoa kichwa dirishani.

"Binti, ukishamkamata nywele hawezi kukimbia. Mwambie mtaro wa mtaa wetu umeziba. Lakini usiseme nimekutuma mimi."