Muda Mnaowaongezea Marehemu Wetu

Mwanangu Danelis, yule pale mstari wa mbele, amemaliza sasa hivi kufuta kiti kwa upindo wa gauni lake. Mke wa Mheshimiwa Meya alipotaka kukikalia, maana ndicho alichoandaliwa, mtoto alimwekea kiganja akamwambia kwa adabu kabisa, "Samahani bibi, hapa kuna mtu. Baba amechoka kusimama." Mama Meya akacheka kidogo, akakitazama kile kiti, akaacha kucheka, akaenda kukaa kwingine. Naomba radhi mbele yenu. Ana miaka mitatu. Hakuna aliyemfundisha maneno hayo.

Sasa niwasalimu kwa vyeo vyenu. Mheshimiwa Wilfrido Hinestroza, Meya wa mji wetu wa Puerto Jagua, Waheshimiwa Madiwani, Padri Anselmo, Daktari Lozano wa zahanati, mama mkwe wangu Bi Crucelina, uliyenishonea barakoa hii, akina mama wa sokoni, akina baba wa gatini, na ninyi nyote mliokuja kwenye uwanja huu wa mpira wa kikapu mkakaa mbalimbali kama meno ya mzee: habari za mchana.

Mimi ni Yirleza Palomeque, mkaanga ndizi wa gatini, mjane wa Arcesio, fundi wa mitumbwi, aliyekuwa pia akiongoza nyimbo katika misiba ya mji huu. Kila Baraza linapoongeza muda wa hali ya dharura, imekuwa desturi Meya asome, bendi ipige, kisha mwananchi mmoja asimame ashukuru. Leo zamu ni yangu. Katibu ameniambia, "Binti, sema asante, taja mchele, kaa chini." Asanteni. Mchele tumeupata, ulikuwa mzuri, haukuwa na mawe. Lakini nikikaa chini sasa hivi nitakuwa nimesema nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ni mzigo mzito kuliko ukweli mzima.

Mheshimiwa, nakusifu. Umeongeza muda mara ya kwanza, ukaongeza ya pili, ukaongeza mpaka tumeacha kuhesabu. Na ulifanya vyema. Nani hapa haujui ugonjwa huu? Mwalimu Pastora alipofariki, dharura ikiwa haijatangazwa bado, tulikesha sote kumuaga, bega kwa bega, Arcesio akiimba katikati yetu. Haukupita muda, mtaa mzima wa Chini ukawa unakohoa, na Arcesio wangu hakuinuka tena. Ugonjwa aliutoa palepale, kwenye kumsindikiza mtu. Kwa hiyo asije mtu akasema Yirleza anapinga dharura. Ongezeni. Ninachouliza mimi ni hiki: mnapotuongezea sisi muda, mnajua na nani mwingine mnamwongezea?

Daktari, wewe ni mtu wa milimani, hukukulia mto huu, basi acha nikueleze wewe, na wengine waniwie radhi. Kwetu mtu akifa tunamjengea madhabahu sebuleni: shuka jeupe ukutani, juu yake kipepeo wa kitambaa cheusi, mishumaa pembeni, na chini glasi ya maji, kwa kuwa safari ile ina kiu. Tunasali usiku wa kwanza mpaka wa nane. Usiku wa tisa watu wanajaa, wanaimba, na kabla ya mapambazuko taa zinazimwa, milango inaachwa wazi, tunasimama safu mbili kuanzia ukutani mpaka nje, na madhabahu inavunjwa gizani kipande kwa kipande. Marehemu anapita katikati yetu, anakwenda. Taa zikiwashwa, ukuta ni ukuta tu. Huko ndiko kuanua matanga kwetu. Asiyepitishwa hajui kwamba amekufa. Anajua tu kwamba yuko nyumbani.

Ikaja dharura, mikusanyiko marufuku. Mkatuambia ni mwezi mmoja tu. Na sisi, kwa akili zetu wenyewe, tukapatana kwa kupaziana sauti madirishani.

"Jirani, wewe unafanyaje?"

"Nasali mpaka wa nane. Wa tisa nauweka."

"Basi na mimi nauweka!"

Tukauweka usiku wa tisa kama mtu anavyoweka samaki kwenye chumvi. Padri alitusihi tumalizie wenyewe, mtu na watoto wake, Mungu atasikia. Tukamjibu, Padri, Mungu atasikia, lakini marehemu je? Maiti haagwi kwa mdomo mmoja! Arcesio, aliyewaimbia wote, nimpeleke mimi peke yangu na mtoto anayetambaa? Ningewezaje? Tukaishia usiku wa nane. Hapo ndipo tulipokosea, mji mzima, kosa moja. Mwezi ukaisha, mkaongeza. Ukaisha mwingine, mkaongeza. Madhabahu zimesimama mpaka leo, kipepeo juu ya ukuta wa kila mwenye msiba, na milangoni petu hakuna marehemu aliyepita kutoka.

Mwanzoni ilikuwa faraja, siwadanganyi. Nikijaza glasi jioni, asubuhi naikuta nusu. Nikasema ni joto. Nikaifunika kwa sahani, nikaweka jiwe juu ya sahani. Asubuhi jiwe lipo, sahani ipo, maji nusu. Nikafurahi! Nikasema, mume wangu anakunywa. Kisha nikaanza kukuta maranda chini ya kitanda cha mtoto, mabichi, yananukia mti uliochongwa jana. Randa yake tulimzika nayo, mama mkwe ndiye aliyeitia sandukuni kwa mkono wake. Nikayafagia, nikanyamaza. Mlioko hapa, ni wangapi mnaofagia na kunyamaza? Ukipita mitaa yetu saa za kutotoka nje, kukiwa kimya, utasikia nyumba ya mtu mmoja inasogeza viti viwili.

Bi Eustaquia, jirani yangu, yeye hakunyamaza. Mnamkumbuka marehemu mumewe, Hipólito, ambaye katika uhai wake jogoo ndiye aliyemfungulia mlango. "Yirleza," akaniambia, "dharura imenipa mume! Hatoki. Namtukana asubuhi, namtukana jioni, hajibu. Ndoa tamu kama hii sijapata kuiona."

Nikamwambia, "Shangazi, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

"Huyu? Akiwa hai jembe alilikimbia, sembuse sasa!"

Tulicheka mpaka barakoa zikalowa. Kisha akanishika mkono, karantini au si karantini, akanishika, akasema kwa sauti ya chini, "Lakini mwanangu, leo nimeamka nikakuta viatu vyangu vimepangwa kuelekea mlangoni. Vyote viwili. Na mimi sina safari."

Haikuisha wiki tukamzika. Hakuwa na homa, hakukohoa. Daktari aliandika moyo, na sina ugomvi na alichoandika. Lakini baada yake zilifuata nyumba nyingine, na kila nilipokwenda kusimama dirishani kutoa pole, niliuliza jambo moja tu, na mliniambia wenyewe: viatu vilikuwa vimeelekea mlangoni. Marehemu hana ubaya. Amekaa sana, anahisi sasa kwamba ana pa kwenda, na mwenye mapenzi hapendi kusafiri peke yake.

Jumapili iliyopita niliamka nikakuta ndara za Danelis zimeelekea mlangoni.

Nimezigeuza. Nimezificha juu ya kabati. Leo asubuhi zilikuwa chini tena, zimefutwa vumbi. Ndiyo maana mnamwona amekuja hapa miguu mitupu, si kwamba hana viatu, nisije nikasemwa.

Mheshimiwa, nakusifu na kwa jambo la pili, kwamba wewe ni mtoto mwema. Mama yako Bi Nicolasa naye aliishia usiku wa nane, maana ulitaka sheria ikubane wewe kwanza ndipo itubane sisi, na mtu wa namna hiyo ni haba. Mpishi wako ni binamu yangu. Usimfukuze, nilimbana mimi. Anasema kila siku unaagiza sahani mbili, na unakula ukiitazama ile ya pili. Anasema mtoto wako alikuuliza unazungumza na nani, ukamwambia unafanya mazoezi ya hotuba. Msicheke, jamani. Nani hapa hafanyi mazoezi ya hotuba nyumbani kwake?

Basi ombi langu ni hili. Sikuombi uiondoe dharura. Naomba ndani ya muda unaouongeza leo utie usiku mmoja. Kila mtu abaki na watu wa nyumba yake, barakoa usoni, asivuke kizingiti cha mwenzake. Tusimame kila mmoja mlangoni pake, nyumba za huku na nyumba za kule, na barabara katikati inayoteremka mpaka mtoni. Je, hizo si safu mbili tayari? Mji mzima utakuwa sebule moja. Mtambo wa umeme uko chini ya amri yako. Uamuru uzimwe kabla ya mapambazuko, mji wote kwa mara moja, kwa sababu ikibaki taa ya nyumba moja wataifuata wote kama kumbikumbi, na sijui huyo mwenye nyumba atawaweka wapi. Sisi tutafungua milango, tutavunja madhabahu, na tutaimba kutoka kizingiti hadi kizingiti mpaka wafike majini.

Daktari, naona unatikisa kichwa. Sema, usiogope, sote ni watu wazima.

"Kuimba kunarusha mate, Bi Yirleza. Ndiko kulikotuua mara ile."

Kweli kabisa. Basi tutavumisha, Daktari, midomo imefungwa, kama unavyombembeleza mtoto alale. Wafu hawadai maneno, wanadai kusindikizwa. Hapo je?

"Mkiwa nje, mmeachana hivi mlivyokaa hapa... na midomo imefungwa... hapo sina neno."

Mmesikia? Daktari hana neno! Bi Crucelina, acha kupiga makofi, sijamaliza.

Msidhani naomba haya kwa wepesi. Nitakapovunja ile madhabahu nitakuwa ninamtoa nyumbani mwanamume niliyemtaka abaki. Danelis hana baba mwingine anayemjua isipokuwa huyu anayekunywa maji usiku. Atalia, ataniuliza kwa nini nilifungua mlango, na mimi sitakuwa na jibu mpaka awe mkubwa. Lakini lazima awe mkubwa! Jana nilimkalisha mapajani nikamuuliza, "Mama, baba huwa anakwambia nini?"

"Anasema mtumbwi umekwisha."

"Mtumbwi wa nani?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mjinga. Akapima hewa kwa mikono yake miwili, kutoka kichwani kwake mpaka miguuni. "Mdogo, mama," akasema. "Wa kunitosha mimi."

Waheshimiwa, mwezi ujao mtaongeza tena, najua, na huenda ikabidi. Lakini mtumbwi ukishakwisha haukai nchi kavu kungojea kikao cha Baraza. Mimi nina tumaini. Nataka kumwona huyu anavaa viatu vyake na kwenda shule, alipite lile darasa la tano nililoishia mimi, anijie nyumbani anisahihishe ninavyosema, anijibu ovyo, aolewe na mtu nisiyempenda. Naamini itakuwa. Naamini Arcesio mwenyewe anataka hivyo, ila hakuna aliyemwambia, kwa sababu usiku wa kumwambia tuliuweka kwenye chumvi.

Nawashukuru, Mheshimiwa Meya na Waheshimiwa Madiwani, kwa kuniacha nipite mbali kuliko mchele. Nawashukuru majirani kwa kunyamaza nilipokuwa nataja siri za nyumba zenu. Masikio yenu mmenipa, Mungu awalipe. Na wewe Arcesio, popote uliposimama, kwa kuwa hapa tayari kuna watu na hutaagwa kwa mdomo mmoja, nisikie: nilikupenda, hukutukosea kitu, ule mtumbwi mdogo uvunje kwa mkono wako, upande wa kwako, na ukifika pale mto unapopinda, usigeuke kutuangalia, kwa sababu sisi tutakuwa tume—

"Bi Yirleza! Bi Yirleza, mimi Meya wako nasema basi, inatosha, njoo hapa mezani. Katibu ameshika kalamu. Njoo umwambie: taa zizimwe saa ngapi?"