Nshuti Kabera, Aliyeenda Kuondoa Jina Lake Mwenyewe

Ndugu waombolezaji, mimi ni Gasore, kaka mkubwa wa marehemu, shule sikumaliza, kusoma nimejifundisha mwenyewe, kwa hiyo nikikwama mahali mnivumilie, ila msinisahihishe.

Ndugu yetu Nshuti alizaliwa tarehe 11 Aprili 1985 huko Minembwe, Kivu ya Kusini, mtoto wa tatu wa mzee Kabera na mama Nyiramahirwe, na mliowahi kuona Januari mosi kwenye karatasi zake mjue hiyo ni siku tuliyogawiwa wengi kwenye kambi ya wakimbizi, mama aliyemzaa anaijua siku yake. Alianza shule mwaka 1992, vita ikamkatiza, akamaliza sekondari kambini Burundi mwaka 2011, na tarehe 6 Machi 2012 tukafika Louisville, hapa Marekani, tukapanga mtaa wa Highview, sote wawili tukaingia kazi ya kupakia mizigo kwenye ghala.

Mwaka 2014 alihamia Reynoldsburg, pale Columbus, tarehe 15 Agosti 2015 akafunga ndoa na Ingabire, Mungu akawapa Uwase na Jules, na mwaka huohuo akaanza chuo kikuu, sayansi ya siasa, mtu wa miaka thelathini kati ya watoto wa miaka kumi na minane. Bon, wako watu humu waliosema anaringa, anasoma siasa za Wazungu badala ya kutafuta ovataimu, ninawajua, leo wakae kimya. Mwaka 2016, wa kuchagua rais, chuo kizima kilichemka, wanafunzi wa vyama viwili walibishana hata kwenye foleni ya chakula, naye alihoji kila upande kwa upole uleule mpaka wakamwita Seneta.

Sasa nitasema jambo ambalo familia iliniomba niliruke. Oktoba ya mwaka huo binti mmoja aliweka meza uwanjani pale chuoni, anaandikisha wapiga kura, Nshuti akajaza fomu na kusaini bila kusoma vizuri, kwa sababu sisi wa kambini karatasi ikipita tunaandika jina, asiyeandikwa hapati chakula, na swali la kama yeye ni raia akaliwekea alama ya ndiyo, wakati uraia alikuwa hajapata. Kadi ya mpiga kura ilipofika nyumbani ndipo alipoelewa kwamba kosa hilo lingeweza kumnyima uraia, hata kumrudisha tulikokimbia, akanipigia simu, na mimi, ninayejisifu kila siku kwamba sipindishi maneno, nikamwambia aichane na asimwambie mtu.

Akanijibu, "Kaka, mimi ninataka kuishi hapa, sitaki kujificha hapa."

Nilimkatia simu. Kesho yake alikwenda mwenyewe ofisi ya uchaguzi, akaomba jina lake liondolewe, kura hakupiga, akahitimu Mei 2018, akaomba uraia, akaeleza yote, wakamkatalia, na karibu mwaka mzima hatukusemeshana, aliyenuna ni mimi, yeye hapana.

Mwaka 2019 tulihamia wote huku Buffalo, akafanya kazi kiwandani Tonawanda, akaomba tena, akaeleza tena, na tarehe 14 Juni 2023 akala kiapo. Tarehe 5 Novemba 2024, tumbo limeshaanza kumsumbua, nilimpeleka kupiga kura kwa mara ya kwanza, akaisoma karatasi mstari kwa mstari, mpaka mama mmoja nyuma akauliza kama huyo bwana amelala humo kibandani.

Januari 2025 madaktari walikuta saratani, na tarehe 17 Oktoba 2025, saa tatu asubuhi, alituacha, mkono wake ukiwa mkononi mwa Ingabire.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika, wenzake wa kiwandani waliompokelea zamu, na kanisa, hata wale wa ovataimu. Daftari la wageni liko mlangoni, andikeni majina, lakini someni kwanza.

Mdogo wangu, wewe ndiye uliyenyoosha maneno, si mimi. Lala salama, Seneta, karatasi zako zote ziko sawa.